Mkate wa Kumi na Mbili

4 Februari

Kidole mwanangu,

Pokea salamu kabla hujapokea lawama, maana nimezitia zote katika bahasha moja. Sisi huku wazima. Goti langu la kulia linaendelea kutabiri mvua kuliko redio. Msusi wa jirani amejifungua wa tatu, wa kike, kilo tatu na robo. Mashine ya kukandia unga ilikwama siku mbili. Nimeitengeneza mwenyewe kwa boliti ya baiskeli, na fundi aliyetaka aachiwe siku tano nimemwonyesha mlango.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Filamu yako imefika. Nikasema, mtoto niliyemlea tangu ana miaka kumi, aliyekuwa akichora kwa kidole kwenye meza ya unga hadi bekari nzima ikamwita Kidole, leo ametengeneza katuni kamili. Haiwezekani itazamwe kichochoroni. Nikaazima viti arobaini shuleni na televisheni kubwa ya msusi, nikavipanga stoo baada ya kazi ya mchana. Wafanyakazi wangu tisa mstari wa mbele, kisha majirani, na diwani katika kiti chenye mto.

Dakika ishirini na mbili. Vicheko thelathini na kimoja, nimevihesabu. Vichache nilivielewa. Vitunguu wanaoletwa mkutanoni ili watu walie, hapo hata mimi nilicheka. Mayai kuwa tume ya uchaguzi, wanabebwa kwa adabu na hakuna anayejua ndani kama ni mazima: sawa. Chumvi aliyefanya kazi katika kila sufuria na hakutajwa kwenye hotuba hata moja: sawa sana. Hamira naye akiingia kila kitu kinavimba, na unga ni ule ule. Diwani alijipiga paja akasema huyo ni mpinzani wake. Waliokaa nyuma yake wakasema huyo ni diwani. Mwishoni akaomba nakala, anasema amependeza.

Lakini vicheko kumi na saba kati ya thelathini na kimoja vilikuwa vya Mwiko. Mkuu wa kabati. Anayesimama mkono kiunoni, anayesema "Mimi ndiye niliyepika" na moto hajaugusa, anayepima kila mkate kwa rula na uliopinda anaupeleka rafu ya chini. Mwanangu, mji huu una watu wengi wabaya, lakini anayepima mikate kwa rula ni mmoja. Sentimita ishirini na saba. Na rula yenyewe ni yako ya shule, herufi zako ziko nyuma.

Aliyeanza kucheka alikuwa Mzee Joto. Miaka kumi na tisa mbele ya tanuri langu, tangu siku ya kwanza ya bekari hii, sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. Siku hiyo niliyaona yote. Akafuta machozi kwa aproni.

Kama mna neno na waziri, kwa nini mnachora mboga? Na kama una neno na shangazi yako, stempu ni ndogo kuliko filamu.

Jambo moja la mwisho, la hesabu. Katika filamu yako trei ya kwanza inaingia tanurini na mikate kumi na miwili. Inatoka na kumi na mmoja. Ule wa kumi na mbili, mzuri, wa rangi ya asali, unajifunika kitambaa na kutoka mlango wa nyuma, na hakuna anayeuliza. Diwani anasema hiyo ni kodi. Mimi nasema umekosea kuhesabu. Sikukufundisha hivyo.

Ni mimi, shangazi yako, ambaye leo anapima mikate kwa macho kwa sababu ya aibu.


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kama ulivyokuwa ukinisomea ripoti yangu ya shule. Nashukuru kwa viti arobaini. Hapa studio, siku ya kuionyesha, tulikuwa watu sita na feni.

Mimi mzima. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kamba za nguo za watu, najua nani kanunua shuka mpya. Kazi ni ile ile: sekunde moja ni michoro kumi na miwili. Ukipiga hesabu ya dakika ishirini na mbili utanihurumia, na najua utapiga.

Umeuliza kwa nini mboga. Kiazi hakishtaki, Shangazi. Ukimchora mkubwa kwa sura yake, kesho unaitwa ofisini. Ukimchora kiazi, mkubwa huyo huyo anacheka na kuomba nakala. Umeona mwenyewe. Chakula kila mtu anakijua. Mtu asiyejua bajeti ni nini anajua sufuria inayopakuliwa kwa upendeleo. Kwa hiyo tunaipika siasa, tunampakulia, anakula bila kuogopa.

Kuhusu Mwiko, usikasirike. Mwiko ni wa watu wengi.

Kuhusu mkate wa kumi na mbili, hapo nakataa, sikukosea. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nakaa juu ya gunia nikifanya hesabu za shule, na trei ya kwanza kila asubuhi ilikuwa hivyo: kumi na miwili ndani, kumi na mmoja nje. Nilidhani unajua. Niliiweka kama zawadi yako ya siri, katikati ya siasa zote zile, ili ujue kwamba niliona na sikusahau.

Nisalimie Mzee Joto. Mwambie lile tanuri la kwenye filamu, linalokohoa kabla ya kusema, ni yeye.

Mimi, Kidole wako.


29 Machi

Kidole,

Salamu. Tu wazima. Mvua imekuja, goti lilikuwa limesema. Mtoto wa msusi amepata jina na kikohozi. Shule imeongeza oda, trei nne zaidi kila Jumatatu.

Nimezidisha ile michoro yako. Elfu kumi na tano mia nane na arobaini. Pole.

Nimeajiri fundi mpya wa tanuri. Ana vyeti. Mikate inatoka myeusi kidogo chini, atazoea. Trei ya kwanza sasa ni kumi na miwili kwa kumi na miwili.

Ahsante kwa zawadi yako. Nimeitumia.

Shangazi yako.


20 Aprili

Shangazi,

Natumaini kikohozi cha mtoto kimepona na goti limenyamaza. Mimi mzima.

Barua yako ya mwisho ni fupi kuliko orodha ya unga, na nimeigeuza nyuma na mbele kutafuta jina moja. Fundi mpya wa tanuri, wa nini? Mzee Joto anaumwa? Amepumzika? Ameenda wapi?

Naomba unijibu hilo tu. Mengine yatasubiri.

Kidole.


26 Mei

Shangazi yangu,

Wiki tano sijapata jibu. Nikampigia msusi. Mwanzoni alizungumzia mtoto, kisha akazungumzia bei ya nywele, nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema: "Dada, Mzee Joto amefukuzwa. Kwa mkate. Na alivyoondoka hakujitetea hata kwa neno moja, alikunja aproni tu."

Nimekaa siku tatu bila kuchora.

Naomba unisikilize, na ukimaliza unichape kwa barua ukitaka. Kuna mtu ambaye mimi na wewe tumekaa nyumba moja miaka minane bila kumtaja. Ulinipokea alipoanguka kutoka juu ya lori na miguu yake ikafa ganzi. Ulisema mtoto hana kosa. Ukaninunulia viatu, daftari na rula. Sikuwahi kukuuliza kuhusu baba yangu, na wewe hukuwahi kuniuliza kama namwona.

Mkate wa kumi na mbili ulikuwa wake, Shangazi. Wa ndugu yako. Kila asubuhi Mzee Joto aliufunga kwenye kitambaa na kuupitisha kwa baba, chumba cha nyuma ya kiwanda cha mbao, akielekea kwake kunywa chai. Mara mbili nilimfuata. Baba aliushika kwanza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeota moto, kisha akala.

Na mimi, kwa ujinga wangu wa kitoto, niliamini kwamba ni wewe uliyemtuma. Najua uliapa mbele ya watu. Nikasema, Shangazi hawezi kuvunja kiapo chake, basi amepata mlango wa nyuma. Kwa miaka yote hiyo nilikupenda kwa ajili ya mkate ule kuliko kwa ajili ya viatu. Nikauweka kwenye filamu nikidhani nakushukuru.

Tazama nilichofanya. Nilimchora waziri, akacheka. Nilimchora diwani, akaomba nakala. Bosi wa studio yetu yumo mle, tumbo ni lake, na amesema ni kazi bora. Wakubwa wote wamepita salama. Aliyelipia ni mzee mmoja aliyekuwa akikohoa mbele ya moto. Nilisema kiazi hakishtaki. Sikujua kinaweza kushtakiwa.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema: Mwiko ana sauti ya waziri na tumbo la bosi wangu, lakini ule mkono kiunoni ni wako. Nilipouchora nilicheka. Siwezi kukudanganya mara mbili.

Nimewaambia studio waitoe sehemu ya mkate. Wanasubiri neno langu, na mimi nasubiri lako. Lakini hata nikiifuta, Mzee Joto hatarudi kwenye tanuri kwa sababu ya ufutio wangu. Hilo liko mkononi mwako. Ule ule ulioko kiunoni.

Mwanao.


9 Julai

Kidole mwanangu,

Nakusalimu, na wanaokusalimu ni wengi, utawajua mbele. Msusi hajambo na mdomo wake pia hajambo. Yule fundi wa vyeti ameondoka baada ya kuchoma trei sita katika wiki moja. Nimempa barua nzuri ya sifa aende akaunguze kwa washindani wangu.

Umesubiri wiki sita. Ya kwanza nilikuwa nimekasirika. Ya pili nilikuwa bado nimekasirika ila sikumbuki na nani. Nne zilizobaki nimezitumia kufanya kazi.

Nianze na kosa langu, kwa mpangilio. Miaka yote Mzee Joto aliniambia trei ya kwanza huunguza mkate mmoja kwa sababu tanuri halijatulia. Nikakubali. Nikaandika kila siku: mmoja, moto. Mimi ninayejua punje za chumvi zilizomo katika gunia! Kisha nikaona katuni yako, mkate wa kumi na mbili haukuungua, ndiyo maana nikasema umekosea. Ulikuwa wa rangi ya asali. Ulipothibitisha kwa mkono wako kwamba hukukosea, kesho yake nilisimama nyuma ya magunia nikamwona. Nilimwuliza unakwenda wapi huo. Akasema, "Unakokwenda siku zote." Nikadhani ananifanyia kiburi. Nikamwambia avue aproni.

Na wewe ujue upande wangu, maana hukuwa umefika duniani kwa akili wakati ule. Nilipofungua bekari nilikuwa na tanuri moja lililopasuka, mifuko miwili ya unga na ndoa iliyovunjika. Baba yako alikuja siku ya ufunguzi, akasimama mlangoni mbele ya watu kumi na mmoja, akasema, "Mkate wa mwanamke aliyeachika hauumuki." Watu wakacheka. Nikahesabu vicheko vile pia. Nikamwambia, hutaumega mkate wangu maisha yako yote. Sikuwahi kusema jambo nikalirudisha. Ndiyo maana nina bekari.

Nilipomaliza kusoma barua yako nikachukua karatasi. Miaka kumi na minne, wiki hamsini na mbili, siku sita. Mikate elfu nne mia tatu sitini na minane. Niliitazama namba ile mpaka chai ikapoa. Mikate elfu nne na zaidi ameila mtu aliyesema haitaumuka, na hakuna hata mmoja niliompa mimi. Wewe ulinipenda kwa sadaka ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililonichoma, si Mwiko.

Nikaenda kwa Mzee Joto. Nyumba yake ina vigae vitatu vilivyopasuka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti bila kazi yoyote mkononi, sikuwahi kumwona hivyo, mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Karibu, Mama Rula," akasema.

Najua mnaniita hivyo. Lakini miaka kumi na tisa hakuna aliyeniambia usoni.

"Hujambo, Mzee."

"Sijambo. Umekuja kuhesabu nini huku? Mimi sina trei."

"Nimekuja kuhesabu watu. Bekarini nimepungukiwa na mmoja."

Akakohoa, kama lile tanuri lako. Akanitazama.

"Mmoja tu?"

 Nikakaa. Hakukuwa na kiti cha pili, nikakaa kwenye ndoo. Nikamwuliza kwa nini hakujitetea, neno moja tu lingetosha. Akasema, "Neno hilo halikuwa langu. Ningelisema, ungemchukia yeye zaidi, na mkate ungekatika." Nikamwambia umekatika hata hivyo. Akasema, "Haukukatika. Nanunua dukani kwako kila asubuhi, ninamtuma mke wangu. Ila siku hizi ni mweusi chini. Ndugu yako analalamika."

Analalamika! Amekula mikate elfu nne ya bure, na analalamika!

Nilicheka, mwanangu. Kwenye ndoo. Mke wake akatoka jikoni kutazama kuna nini.

Mzee Joto alirudi Jumatatu. Nilimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu nilimfukuza mbele yao, na hesabu lazima ifungwe pale ilipofunguliwa. Akasema, "Basi, basi, unga unakauka," akaenda kuwasha moto.

Kisha nikaenda kwa fundi bati nikamwambia anitengenezee trei ya mikate kumi na mitatu. Akanicheka. Akasema kumi na mitatu haipangiki, chukua kumi na mitano, mistari mitatu ya mitano. Nikamwambia sikuja kuomba ushauri wa hesabu. Akaikunja upande mmoja, ina kona kama kiatu kibovu, mkate wa kumi na tatu unakaa pembeni peke yake na unatoka umepinda kidogo. Si sentimita ishirini na saba. Nimeipima, ni ishirini na nne. Nauacha hivyo hivyo.

Ninaupeleka mimi. Siku ya kwanza nilibisha, akasema, "Ingia, Mzee." Nikaingia. Akaona ni mimi.  Chumba chake ni kisafi kuliko nilivyotaka kiwe. Ukutani amebandika picha moja tu, katuni ya gazetini ya yule Mwiko wako, na chini yake ameandika kwa kalamu: *Dada*. Mzee Joto ananiambia ndugu yangu aliiona filamu hiyo kabla yangu, kwa simu ya mtu wa kiwanda cha mbao. Kwa hiyo wote wawili mlinitambua.

Akasema, "Weka hapo." Nikaweka, nikaondoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki tatu sasa, siku kumi na nane, mikate kumi na minane, na maneno yake yote ni "weka hapo". Sikumwomba zaidi. Na mimi sijasema nimesamehe. Sijui kama nimesamehe. Ninapeleka mkate, hilo ndilo ninalojua.

Jana niliuweka nikageuka. Mkono uko kwenye kitasa. Nikamsikia nyuma yangu anaumega, ile sauti ya ganda. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta:

"Umeumuka."

Sikugeuka. Miaka kumi na tisa nimelisubiri neno hilo, nilikuwa nimepanga nitakalojibu, nilikuwa na majibu kama saba. Nikasema, "Kesho nitakuja mapema," nikafunga mlango pole pole.

Filamu yako usiifute hata sehemu moja. Waambie hao wa studio hivyo. Mwiko abaki na mkono wake kiunoni, goti likiniuma husimama hivyo hivyo. Diwani aendelee kutafuta kodi, na wapinzani wake waendelee kumtafuta diwani. Lakini ukitengeneza ya pili, hesabu iwe sahihi: kumi na mitatu iingie, kumi na miwili itoke. Wakikuuliza wa kumi na tatu umekwenda wapi, na nani kaubeba, waambie wamwulize Mwiko.

Rula nakurudishia ndani ya bahasha hii. Herufi ni zako.

Shangazi yako, Mama Rula, asiye na rula.